Ufunguo wa Nistor

Ghala namba nne, Constanța, mwezi wa pili.
Upepo wa kaskazini unapenya chini ya mlango,
grisi imeganda kama nta.
Ufunguo ninao tangu juzi.
Nistor amestaafu, kaniachia huu
na daftari lenye alama ya dole kila ukurasa.

Yamelala sakafuni makoleo yake,
kila moja na mdomo wake, kila moja na njaa yake.
Hili la kombe mbili, pana, lenye ukanda wa mpira midomoni,
ni la nafaka. Likifumba, hata usubi hatoki.
Lile fupi, zito, la tumbo dogo,
ni la mawe ya chuma. Usilicheke.
Mawe hayo yakijaa tumbo kubwa
kamba inalia, mnara unainama,
nawe kule juu unakumbuka majina ya wanao.
Lile la kucha sita, limechutama kama buibui mwenye kisirani,
ni la chakavu: fremu za vitanda, milango ya magari,
vitu visivyokubali kuchotwa, vinavyotaka kunyakuliwa.
La magogo liko pembeni. Paka amelizalia humo.

Daftari linasema, mwandiko umelalia kushoto:
*Uliza mzigo kwanza, kreni baadaye.
Mkavu? Mbichi? Una vumbi? Unashikana?
Punje kubwa kuliko zote ni kubwa kiasi gani?
Mita moja ya ujazo ina tani ngapi?
Kisha toa uzito wa koleo lenyewe,
maana nalo hubebwa. Watu husahau,
kama mgeni asiyejihesabu mezani.*

Leo gatini ni shayiri, mashimo matano.
Gavrilescu, mkuu wa zamu, anapiga simu:
“Kreni ina kucha tayari. Kubadilisha ni dakika arobaini.
Chota hivyo hivyo, Anghelina.”

Hivyo hivyo naijua.
Mwaka wangu wa kwanza nilichota mahindi kwa kucha za chakavu.
Bandu bandu huisha gogo:
mstari wa njano kutoka shimoni hadi kwenye lori,
na shakwe wote wa Bahari Nyeusi wakajua jina langu.
Nistor hakunigombeza. Alifagia.
Alifagia gati zima, akapima alichofagia,
akaandika kwa wino mwekundu:
kilo mia nne na kumi na mbili.

“Dakika arobaini,” nikamwambia Gavrilescu, nikakata.

Mita kumi na mbili za ujazo: tani nane kasoro za shayiri,
sita za koleo. Kreni inabeba kumi na sita.
Pumzi imebaki.
Petruț alinimulikia bawaba. Nikagonga pini,
baridi ikang'ang'ania ngozi ya kiganja.
Mpira wa mdomo ulikuwa umechanika, upana wa kidole tu;
kidole kinatosha. Nikaupiga kiraka cha tairi.
Zilikuwa dakika hamsini na tano.
Gavrilescu alizihesabu zote.

Saa nne usiku shimo la kwanza lilikuwa tupu, gati kavu.
Shakwe walijipanga juu ya bomba
wakinitazama kama wadai.

Jambo moja sijaliandika daftarini.
Siku ya kumuaga tulimchangia saa ya mkononi,
ya chuma, yenye kibanio kidogo cha kubonyeza.
Mkono wa kulia Nistor ana vidole viwili na nusu,
vingine winchi ilivichukua kabla sijazaliwa.
Alijaribu kuifunga mbele yetu. Mara moja. Mara ya pili.
Tukapiga makofi mapema ili tusione.
Akaitia mfukoni, akashukuru,
akauliza kama keki imebaki.

Sisi, tunaopima punje.

Jumapili nakwenda Medgidia kwa treni ya asubuhi.
Nimenunua mkanda mwingine, wa kitambaa, wa kunata.
Nimeujaribu palepale dukani,
vidole vingine nimevikunja,
muuzaji akinishangaa.
Unafunga.